Kijiwe Kilichokumbuka Baridi

Mjomba wangu hali kichwa cha samaki kwa pupa. Anaanza na mashavu, anaingia machoni, halafu analivunja fuvu kwa vidole na kufyonza kila kilichomo. Siku hiyo ya Februari tulikuwa kwake Takaungu, tumekalia mkeka, sinia ya wali wa nazi katikati yetu. Alikuwa amefika kwenye fuvu la changu. Akatema vitu viwili vyeupe kiganjani. Vilikuwa vikubwa kuliko punje ya mchele, vidogo kuliko punje ya mahindi, na kingo zake zilichongeka kama za jani. Akaviweka kando pamoja na miiba, akaendelea na habari aliyokuwa akinipa: kwamba bahari hii si ile.

Mimi sasa ni mtu wa Nairobi, na sisi watu wa Nairobi tukiambiwa jambo lazima tutoe simu. Nikatoa yangu. Nikamsomea kwamba joto la bahari yetu limepanda kama nyuzi moja hivi kwa muda wa miaka mia na kitu.

"Nyuzi moja tu, mjomba. Hata ukiiongeza kwa chai huwezi kuisikia."

Hakukasirika. Alilamba vidole kwanza.

"Hiyo nyuzi yako moja ni ya mwaka mzima?"

"Eeh. Ni wastani wa mwaka."

"Basi mimi sikusema mwaka, mwanangu. Mimi nimesema kaskazi."

Nilinyamaza. Kwa msomaji wa bara: kaskazi ni pepo za Desemba hadi Machi, wakati bahari imetulia na jua ni kali. Kusi huja baadaye, na maji yakachafuka na kupoa. Mvuvi haishi kwa mwaka. Anaishi kwa kaskazi na kusi. Mimi nilikuwa nimemjibu swali ambalo hakuuliza.

Nilirudi Nairobi na vile vitu viwili mfukoni, vimefungwa kwa karatasi ya shashi. Nilitaka tu kujua ni nini. Kumbe vitu kama hivyo vilishawahi kuingizwa kwenye mabishano ya aina hii hii, wastani upande mmoja na msimu upande wa pili, kuhusu bahari iliyokuwepo miaka milioni 34 iliyopita. Na wastani ulishindwa.

*

Watu huviita mifupa ya sikio, lakini si mifupa. Ni vijiwe hasa, vya kalsiamu kaboneti, mara nyingi katika umbo la madini yaitwayo aragonaiti, yale yale yanayojenga matumbawe. Wataalamu huviita otolithi, kutokana na maneno ya Kigiriki ya sikio na jiwe. Mimi nitasema kijiwe tu, manake Kiswahili kimenipa zawadi hapa. Kijiwe pia ni ile base ya mtaani, pale vijana wanapokaa kutwa nzima na ambapo hakuna habari inayopita bila kujulikana.

Ndiyo, samaki ana masikio. Yako ndani ya fuvu, hayana tundu la nje. Samaki wenye mifupa, yaani karibu wote unaowajua ukimtoa papa, taa na jamaa zao, wana jozi tatu za vijiwe, jozi moja kwa kawaida ikiwa kubwa kuliko nyingine. Kazi yake ni hivi. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hivyo sauti ikipita majini mwili unatikisika pamoja na maji hayo. Kijiwe ni kizito zaidi, kinabaki nyuma kidogo. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinahisi huko kuchelewa, na ubongo unakusoma kama sauti. Kijiwe hicho hicho ndicho kinachomwambia samaki juu ni wapi na chini ni wapi.

Lakini kilichowavuta wanahistoria wa bahari ni namna kinavyokua. Kijiwe huanza kujengwa samaki akiwa bado kwenye yai. Kuanzia hapo anaongeza tabaka juu ya tabaka hadi siku anapokufa. Mwaka 1899, Mjerumani Johannes Reibisch alieleza kwamba kwenye vijiwe vya samaki fulani bapa wa bahari za kaskazini mwa Ulaya mtu anaweza kuhesabu pete za miaka, kama zile za gogo la mti. Mwaka 1971, Giorgio Pannella akaonyesha jambo kubwa zaidi: ukitumia hadubini, kati ya pete za miaka utaona mistari ya siku. Siku moja, mstari mmoja.

Na kijiwe hakikopeshi. Samaki akilala njaa, mwili wake unaweza kuchukua madini kutoka kwenye magamba ili aendelee kuishi. Magamba yanapoteza sehemu ya kumbukumbu yake. Kijiwe hakiguswi. Kile kilichoandikwa siku ya mvua ya miaka mitatu iliyopita bado kipo, kimefunikwa na kila siku iliyofuata.

Samaki akifa, nyama inaliwa, mifupa inatawanyika. Kijiwe, ambacho ni kigumu na kizito, kinazama kwenye tope na kutulia. Tope likigeuka mwamba, kijiwe kinakuwa kisukuku. Halafu kuna hili la kushangaza: kila aina ya samaki ina umbo lake la kijiwe, hivi kwamba mjuzi anaweza kukiangalia na kukwambia huyu alikuwa nani, hata kama hakuna mwiba mmoja uliobaki. Kazi hiyo ilianza kushika mizizi tangu 1884, Ernst Koken, naye Mjerumani, alipochapisha maelezo ya vijiwe vya kale kutoka miamba ya nchi yake. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa faida kubwa ya visukuku hivi: kuandika orodha ya waliokuwepo.

*

Kujua nani alikuwepo ni jambo moja. Kujua alisikia baridi kiasi gani ni jambo lingine kabisa, na ufunguo wake haukutoka kwa watu wa samaki. Ulitoka kwa mkemia.

Harold Urey, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1934, alichapisha mwaka 1947 hesabu zilizoonyesha kwamba oksijeni inaweza kutumika kama kipimajoto. Oksijeni iliyo kwenye maji haiko ya aina moja. Nyingi ni nyepesi, yenye uzito wa 16. Kidogo sana ni nzito, yenye uzito wa 18. Kiumbe cha baharini anapojenga gamba au kijiwe chake huchukua oksijeni kutoka kwenye maji hayo, na jinsi maji yanavyokuwa baridi ndivyo ile nzito inavyoingia kwa wingi kidogo zaidi. Tofauti ya sehemu moja katika elfu ni sawa na nyuzi nne au tano hivi za joto. Ni kidogo mno, lakini mashine nzuri inaiona.

Mwaka 1951, Urey na wenzake walijaribu njia hiyo kwenye kisukuku cha belemnaiti, jamaa wa kale wa ngisi, aliyeishi enzi za dinosau. Walichukua unga kutoka tabaka moja hadi jingine, kutoka katikati kwenda nje. Namba zikapanda na kushuka, zikapanda na kushuka. Walichokuwa wakikiona ni misimu. Mnyama yule, baada ya utoto wake, alikuwa amepitia majira ya joto matatu na majira ya baridi manne, akafa akiwa na umri wa kama miaka minne.

Nilisoma habari hiyo mara mbili. Zaidi ya miaka milioni 100 imepita, na sisi tunajua kwamba kiumbe mmoja, ambaye hata jina hana, aliona majira ya joto matatu tu.

*

Sasa twende kwenye yale mabishano.

Miaka milioni 34 hivi iliyopita dunia ilibadilika. Kabla ya hapo, katika kipindi kinachoitwa Eosini, dunia ilikuwa na joto na ncha zake hazikuwa na barafu kubwa. Kisha ikaingia Oligosini, na Antaktika ikaanza kuvaa ile barafu tunayoijua leo. Kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko, mahali ambapo leo ni majimbo ya Mississippi na Alabama huko Marekani, bahari ilikuwa imejaa konokono, kome na chaza wa kila aina. Ukivuka mpaka wa vipindi hivyo viwili, zaidi ya asilimia 90 ya aina hizo zinabadilika. Waliokuwepo hawapo, na nafasi zao zimeshikwa na wengine.

Mtuhumiwa alijulikana: baridi. Dunia imepoa, wazoefu wa joto wamekufa, kesi imekwisha. Tatizo ni kwamba ushahidi ulikataa. Kila wataalamu walipopima joto la bahari ile kabla na baada ya mpaka, wastani haukuonyesha mabadiliko ya maana. Sasa unamfunga vipi baridi kama kipimajoto kinasema hakuwepo?

Mwaka 2000, watafiti watatu, Linda Ivany, William Patterson na Kyger Lohmann, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya vijiwe vya samaki kutoka eneo hilo, vya kabla ya mpaka na vya baada yake. Kwanza wakaangalia wastani. Wastani ukasema vile vile: hakuna jipya. Wangeweza kuishia hapo, na kusema kweli, mimi ningeishia hapo. Mimi ndiye mtu wa simu na nyuzi moja.

Wao wakaenda ndani zaidi. Kwa kutumia kekee ndogo sana walikwangua unga kidogo kidogo kwa kufuata matabaka ya kijiwe, tabaka kwa tabaka, ili kila chembe ya unga iwakilishe kipande cha mwaka na si maisha mazima ya samaki. Hapo ndipo hadithi ilipotoka. Majira ya baridi yalikuwa yamezidi kuwa baridi kwa karibu nyuzi nne.

Nyuzi nne, na wastani wa mwaka haukupiga kelele.

Pendekezo lao lilikuwa wazi. Huenda waliokufa hawakuuawa na mwaka uliokuwa baridi. Walisukumwa na miezi michache ya mwaka. Kama mwili wako umezoea maji ya uvuguvugu, huhitaji mwaka mzima mbaya ili ufe. Wiki chache zinatosha. Ukishakufa katika miezi hiyo, hata majira ya joto yanayofuata yawe matamu vipi, wewe hayakuhusu.

Haimaanishi njia hii haina mitego. Kijiwe hakipimi joto peke yake. Kinapima joto pamoja na maji yenyewe, na maji hubadilika. Barafu ikijikusanya nchi kavu hujifungia oksijeni nyepesi, na bahari inabaki na nzito zaidi. Mto mkubwa ukimwaga maji yake karibu, hesabu inasogea tena. Mtafiti lazima ajue bahari aliyokuwa akiogelea samaki huyo, asije akadhani mafuriko ni joto. Lakini faida ya kusoma kijiwe kimoja kutoka ndani kwenda nje ni kwamba unalinganisha msimu na msimu katika maisha ya samaki mmoja, na si bahari yote kwa mkupuo.

*

Unaweza kusema miaka milioni 34 ni mbali sana, sisi inatuhusu nini. Basi tusogee karibu, Peru, miaka 6000 hivi iliyopita. Hapa tayari kuna watu, na watu wanakula. Walikuwa wakivua samaki wa baharini wa jamii ya kambare, wanamla, wanatupa mabaki jaani. Jaa hilo likakaa. Vile vijiwe ambavyo mjomba alivitema kando ya sinia, wao pia walivitema kando ya chakula chao.

Mwaka 2002, Fred Andrus na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science walichosoma ndani ya vijiwe kutoka maeneo mawili ya kale, Siches kaskazini mwa Peru na Ostra iliyo kusini zaidi. Leo pwani ya Peru inajulikana kwa maji ya baridi yanayopanda kutoka kilindini, na ndiyo maana ina samaki wengi. Siches, vijiwe vilionyesha maji yaliyokuwa na joto zaidi ya leo kwa nyuzi tatu hadi nne mwaka mzima. Lakini Ostra, kilichopanda ni majira ya joto, kwa karibu nyuzi tatu. Pwani moja, enzi zinazokaribiana, na bado huwezi kuwajumlisha watu wa Siches na wa Ostra kwenye namba moja ukadhani umewaelewa.

Bahari ya Peru si ya watu wengine tu. Wavuvi wa huko ndio waliolipa jina El Niño, yaani mtoto wa kiume, wakimaanisha mtoto Yesu, kwa sababu maji ya moto yalikuwa yakionekana karibu na Krismasi. Maji hayo yakipata joto kule, mara nyingi sisi tunalipia huku. Waulize wazazi wako kuhusu mvua za mwisho wa 1997. Watakwambia madaraja yaliyokwenda na maji.

Na mwaka uliofuata, 1998, jambo lilitokea pwani yetu ambalo wengi wa bara hatukulisikia. Joto la kaskazi lilipozidi, matumbawe kuanzia Malindi hadi Kisite yaligeuka meupe, na mengi yakafa. Tumbawe halihitaji bahari kuwa moto mwaka mzima. Joto likizidi kwa nyuzi moja tu juu ya kilele chake cha kawaida, kwa wiki kadhaa, vijani vilivyo ndani yake vinavyolilisha vinatoka, nalo linabaki tupu kama mfupa. Nyuzi moja, ile ile niliyoicheka juu ya mkeka. Ikija kwenye mwezi mbaya, inaua.

*

Nimekuwa nikifikiria jinsi tunavyopenda wastani. Ni rahisi kubeba, inaingia kwenye kichwa cha habari na kwenye hotuba. Chukua mvua zetu. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo ilikataa kaskazini na mashariki mwa Kenya, mifugo ikafa njiani. Kisha ikaja 2024, na Mathare watu wakatolewa kwenye mapaa ya nyumba. Weka miaka yote kwenye kikokotoo, jumlisha, gawanya. Utapata namba ya kawaida kabisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeishi ndani ya namba hiyo.

Historia pia tunaiandika hivyo. Enzi fulani ilikuwa ya neema, karne fulani ilikuwa ya shida. Lakini watu hawafi kwa karne. Wanakufa kwa Aprili, kwa wiki ambayo akiba iliisha kabla ya mavuno. Waliobaki huja baadaye wakapiga hesabu, na hesabu inaonekana nzuri kwa sababu wafu hawatoi namba.

Kijiwe ni hati ya aina nyingine. Hakikuandikwa na mfalme wala karani wa mfalme, na hakikuchagua siku za maana. Kiliandika kila siku, ya joto na ya baridi, kwa ukubwa ule ule wa mwandiko. Aliyekibeba hakujua kama kuna kitu kinaandikwa. Kama kuna ushahidi usio na upendeleo katika historia yote ya dunia, nadhani unakaribia kufanana na huo. Ila una sharti moja: ukiusoma kwa jumla, hausemi kitu. Sharti uende polepole, tabaka kwa tabaka.

Hivyo ndivyo mjomba alivyokuwa akinisimulia, na mimi nikamkatiza kwa jumla.

Mwezi wa sita nilimpigia simu. Kusi ilikuwa imeshika, nikasikia mlango ukigonga nyuma yake. Nikamweleza vile vitu viwili ni nini: kwamba yule changu alikuwa akiongeza mstari mmoja kila siku, na kwamba ukingo wa nje kabisa wa kijiwe ni siku ile aliyonaswa. Baada ya hapo hakuandika tena.

Alikaa kimya kidogo. Nilidhani simu imekatika.

"Sasa wewe unaiona siku hiyo?"

"La, mjomba. Inahitaji hadubini. Na kujua maji yalikuwa na joto gani, inahitaji mashine ambayo mimi sina."

"Mimi naikumbuka," akasema. "Tulitoka alfajiri, hata adhana bado. Niliposhuka kusukuma mashua nikadhani nimekosea, nikatia mkono tena. Maji yalikuwa kama ya kumwogeshea mtoto."

Safari hii sikutoa simu. Nilichukua kalamu, nikaandika tarehe.